TUSINGOJE MATANGA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Kambu, juu ya kujiunga na kikundi cha watunzaji wa nyumbani



Tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya jambo ambalo halijapata kusemwa katika mkutano wa tawi letu. Mikutano yetu husema juu ya mshahara, nyumba, buti na malipo ya saa za ziada, na ni haki yetu kuyasema hayo. Leo twataka kusema juu ya kazi isiyo na mshahara, isiyo na saa za ziada kwa kuwa haina saa ya kwisha, na isiyo na chama. Ni kazi ya kumtunza mgonjwa, mzee au mtoto mlemavu ndani ya nyumba zetu wenyewe. Hapa Kambu wenye kazi hiyo wameanza kikundi chao, na wametuomba tujiunge nao. Sisi tunaosema mbele yenu tumekwisha kujiunga, na tumekuja kuwaeleza sababu.

Tuanze na jambo tunalolijua sote. Mtu akifa, simu hulia, kamati huketi jioni ile ile, na daftari la mchango hufunguliwa. Kwa muda wa wiki moja jeneza limepatikana, gari limepatikana, hema na viti vimefika, na ng'ombe amenunuliwa. Katika kazi hiyo sisi watu wa reli tu hodari sana, wala hatusemi ni vibaya.

Hivi karibuni tulimzika baba wa mwenzetu mmoja. Mzee yule alikuwa amepigwa na kiharusi, akalala kitandani miaka minne. Siku ya mazishi tulifika wengi hata viti havikutosha. Watu walisimama mmoja mmoja wakamsifu marehemu, na wengine wakatusifu sisi kwa umoja wetu. Mke wa mwenzetu, ambaye kwa miaka ile minne ndiye aliyemwosha mzee, akamlisha na kumgeuza usiku na mchana, alikuwa nyuma jikoni akitupikia chai. Jina lake halikutajwa. Wala katika miaka ile minne daftari letu halikufunguliwa hata mara moja kwa ajili yake. Tulipokuwa tukikunja hema, mwenzetu alituambia: "Pesa hizi zingalikuja mzee yungali hai, tungalimnunulia godoro la maana, na mama watoto angalipata mtu wa kumpokea." Hakusema kwa hasira. Sisi tulikosa jibu, na kukosa jibu huko ndiko kulikotuleta kwenye kikundi hiki.

Yafaa kwanza tujue kazi yenyewe ni nini, maana wengi wetu tunarudi nyumbani mwisho wa mwezi, tukamkuta mgonjwa amekwisha kuoshwa na shuka ziko juani. Mtu asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe kila baada ya saa chache, mchana na usiku, la sivyo ngozi yake itaoza na kupata vidonda vya kulala. Lazima alishwe polepole asije akapaliwa. Dawa zina saa zake. Shuka zafuliwa kila siku, na shuka zataka maji, na nyote mwajua maji ya upande wetu huu wakati wa kiangazi: ni mitungi ya kuvuta kwa punda, au ya kununua. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau hawezi kuachwa peke yake hata kidogo, maana atatoka akapotea, na barabara kuu ya Mombasa iko hapa karibu na malori hayapunguzi mwendo. Mtoto asiyeweza kukaa wala kusimama, akiwa mdogo mama humbeba mgongoni; akifika miaka kumi na miwili bado humbeba, na mgongo wa mama ni ule ule.

Katika kikundi kuna mama mmoja mtu mzima anayemtunza mumewe. Tulimwuliza, "Mwaitu, wewe wapumzika saa ngapi?" Akasema, "Akilala." Tukamwuliza, "Naye hulala saa ngapi?" Akatujibu, "Tangu Jumapili hajalala." Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Ndugu wafanya kazi, tusidhani kwamba haya ni mambo ya nyumba moja moja. Mwaka 2021 Shirika la Takwimu la Taifa lilifanya uchunguzi wa kwanza wa namna Wakenya wanavyotumia saa zao za siku. Lilikuta kwamba wanawake hutumia katika kazi za nyumbani na za utunzaji zisizolipwa muda unaokaribia mara tano ya muda wa wanaume. Na Shirika la Kazi Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2018, lilihesabu kazi hizo katika nchi 64, likapata saa bilioni 16.4 kwa kila siku moja. Hiyo ni sawa na watu bilioni mbili kufanya kazi saa nane kila siku bila senti moja. Kumbukeni kwamba mapatano ya kwanza kabisa ya Shirika hilo, mwaka 1919, yalihusu saa nane za kazi kwa siku viwandani. Miaka mia imepita na zaidi, na mwaitu wetu wa Jumapili mpaka Jumatano hajazipata saa nane zake.

Je, haya yanatuhusuje sisi wa reli? Yanatuhusu sana. Kazi yetu ni ya kupelekwa mbali. Leo uko Kambu, kesho unaambiwa nenda Mtito Andei au Makindu, na wengine hupelekwa mpaka Mombasa au Nairobi. Mtu hawezi kukaa zamu ya usiku kwenye njia, na papo hapo kumgeuza baba yake kitandani. Basi tukiweza kwenda kazini, ni kwa sababu kuna mtu aliyebaki. Tazameni njia yenyewe. Abiria huiona reli, nayo yang'aa, lakini reli haikai hewani. Imelala juu ya mataruma, yawe ya mti, ya chuma au ya saruji kama yale ya njia mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Hakuna abiria anayeyatazama mataruma. Lakini sisi wa genge twajua, taruma likioza na lisibadilishwe, itafika siku gari litaanguka. Mshahara wetu umelala juu ya migongo ya wake zetu, mama zetu na dada zetu namna hiyo hiyo, nasi hatujawahi kupita kukagua.

Pengine mtasema: ni kweli, lakini kikundi cha watu maskini wa kijijini kitafanya nini? Twajibu kwa habari za watu waliokwisha kujaribu.

Wa kwanza ni wa hapa hapa Kenya. Mwezi Novemba 1999 Rais Moi alitangaza kwamba UKIMWI ni janga la taifa. Wakati ule vitanda vya hospitali vilijaa, dawa za kupunguza makali hazikuwa za bure katika hospitali za Serikali mpaka mwaka 2006, na wagonjwa wengi walirudishwa nyumbani. Walirudishwa kwa nani? Kwa akina mama wa vijijini. Mama hao waliosha, walilisha, walizika, wakachukua na watoto yatima. Fedha nyingi za misaada zilipita juu ya vichwa vyao zikaenda kwenye semina na magari. Basi katika miaka ile ya 2000, kwa msaada wa GROOTS Kenya, chama cha akina mama wa mashinani kilichoanza mwaka 1995, watunzaji hao waliungana wakafanya muungano wao wa watunzaji wa nyumbani. Miongoni mwa viongozi wao alikuwamo Bi Violet Shivutse wa Shibuye, Kakamega, ambaye baadaye alipata kusikika mpaka katika mikutano ya Umoja wa Mataifa. Jambo kubwa walilolifanya lilikuwa dogo kulitazama: waliandikana majina. Nani anatunza, anatunza wangapi, yuko kijiji gani. Mwenye daftari la majina huweza kuingia katika kamati ya fedha na kusema, "Sisi tu wengi kadha wa kadha, na kazi yetu ni hii." Asiye na daftari huambiwa "asante mama" na kufungiwa mlango.

Wa pili ni hao wahudumu wa afya ya jamii mnaowaona wakipita nyumba kwa nyumba. Kwa miaka mingi waliitwa watu wa kujitolea, na kujitolea maana yake ilikuwa kutolipwa. Walisema, wakasema tena, na mwezi Septemba 2023 Serikali iliwatoa rasmi wahudumu zaidi ya 100,000 wakiwa na mikoba ya vifaa, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi ikapangwa, nusu kutoka Serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Posho si mshahara, sisi twajua tofauti. Lakini kazi iliyokuwa haina jina sasa ina jina, na sheria ya mwaka 2023 inaitambua. Mhudumu huyo hupita nyumbani kwako mara moja moja. Yule anayebaki na mgonjwa akiisha kuondoka mhudumu, bado hana jina.

Wa tatu ni wa mbali, Uingereza. Palikuwa na mchungaji mmoja mwanamke, Mary Webster, aliyeacha kazi yake mwaka 1954 ili awatunze wazazi wake. Mwaka 1963 aliandika barua kwa magazeti akieleza hali ya wanawake kama yeye. Akapata barua nyingi sana za majibu, maana kila mmoja alikuwa akidhani yu peke yake. Mwaka 1965 wakaanzisha chama. Posho ya watunzaji ilikuja mwaka 1976, lakini sikilizeni jambo hili: mwanamke aliyeolewa alinyimwa, kwa fikira kwamba huyo angalikuwa nyumbani vivyo hivyo. Ilichukua miaka kumi mingine na kesi mahakamani, mpaka mwaka 1986, ndipo na mke wa mtu akapata. Ndugu zetu, fikira hiyo haikuwa ya Waingereza peke yao. Hata sisi twasema, "Mke wangu hafanyi kazi, yuko nyumbani tu."

Sasa tutazame nchi yetu yatoa nini. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima, na kupata utunzaji na msaada wa kadiri kutoka kwa jamaa yake na kwa Serikali. Angalieni: jamaa na Serikali, wote wawili wametajwa. Katika mpango wa Inua Jamii, mzee wa miaka 70 na zaidi aliyeandikishwa hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, na nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, ikiandikishwa, hupata kiasi hicho hicho. Ni msaada, nasi twaushukuru. Lakini gawanyeni kwa siku thelathini: ni kama shilingi 66 kwa siku, na hizo ni za chakula na dawa za mgonjwa. Anayemtunza hana fungu lake. Tena wako wengi upande huu ambao hata kuandikishwa hawakuandikishwa, kwa kuwa anayepaswa kwenda ofisini ndiye yule yule asiyeweza kutoka nyumbani.

Na katika kazi zetu? Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yatupa likizo ya mwaka ya siku 21 za kazi. Mama mzazi hupata miezi mitatu, baba wiki mbili, na mfanya kazi akiugua mwenyewe ana siku zake. Lakini likizo ya kumwuguza mzazi, mke au mtoto haimo. Mwenzetu yule tuliyemsema aliomba siku chache baba yake alipozidiwa, akajibiwa kwamba hakuna likizo ya namna hiyo. Alipofiwa alipewa siku za kuzika mara moja. Ni kusema kwamba kazini, kama vile katika daftari letu la mchango, mzazi wako huanza kuhesabiwa akiisha kufa.

Tunajua pingamizi lenu, maana sisi wenyewe tulikuwa nalo. Mtu atasema: kumtunza mama yangu ni wajibu na ni baraka, si kibarua, nikidai msaada nitakuwa ninamwuza mama yangu. Hilo ni neno la heshima, lakini mara nyingi msemaji wake si yule anayeamka usiku. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tuliosoma katika shule za misheni tulifundishwa habari za Msamaria mwema. Twakumbuka alivyomfunga majeruhi vidonda na kumpandisha juu ya mnyama wake. Tunasahau mwisho wa habari: alimpeleka nyumba ya wageni, akampa mwenye nyumba dinari mbili amtunze, akaahidi kwamba akizidisha gharama atamlipa akirudi. Msamaria alikuwa na huruma, na bado alijua kwamba kumtunza mtu kuna gharama, na kwamba aliyeachiwa mgonjwa asiachiwe mikono mitupu. Kulipia utunzaji hakukuharibu huruma yake, bali kulionyesha kwamba ni ya kweli.

Wala jambo la kusaidiana si geni kwetu. Ukambani tuna mwethya tangu zamani za babu zetu. Kwa mwethya tulichimba matuta ya mashamba na kujenga mabwawa, na nyumba isiyo na nguvu ililimiwa na wengine. Kikundi hiki ni mwethya wa kuuguza. Hukutana Jumapili mbili kila mwezi baada ya ibada, na ada ni shilingi 50. Kila wiki wanachama wawili humpokea mtunzaji mmoja kwa nusu siku, ili aende zahanati kwa ajili ya mwili wake mwenyewe, au kanisani, au alale tu. Hufundishana namna ya kumgeuza mgonjwa bila kuumiza mgongo, kazi ambayo watu wa genge wanaweza kuifundisha, maana kuinua kitu kizito kwa pamoja ndiyo kazi yetu. Na wanaandika daftari, nyumba kwa nyumba, mpaka sasa nyumba 43.

Daftari hilo lina mahali pa kwenda. Kaunti yetu ya Makueni imesifiwa kwa mikutano ya wananchi inayoanza kijijini, ambamo watu husema wanataka fedha za kaunti zifanye nini. Ni kaunti hii hii iliyoanza mpango wa matibabu wa shilingi 500 kwa nyumba kwa mwaka, mwaka 2016, kabla kaunti nyingi hazijafikiri jambo kama hilo. Basi si kaunti ya viziwi. Lakini katika mikutano hiyo husikika barabara, maji na madarasa, kwa kuwa wenye kuyataka wanaweza kuja mkutanoni. Mwenye mgonjwa kitandani hawezi kuja. Lazima aende mtu kwa jina lake, na mtu huyo aweza kuwa wewe siku usiyo na zamu.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, twaleta mbele ya mkutano maombi matatu.

La kwanza, kila mwanachama mwenye mgonjwa, mzee asiyejiweza au mtoto mlemavu nyumbani aandikishe nyumba yake katika daftari la kikundi, na ajiunge yeye mwenyewe, si kumtuma mke peke yake. Mwanamume akishika zamu ya nusu siku hatapungukiwa na kitu. Sisi tumeishika, na twakiri kwamba siku ya kwanza tulitoka jasho kuliko siku ya kubadilisha reli.

La pili, tawi lifungue fungu la kuuguza kando ya fungu la mazishi. Hatusemi tuache kuzika kwa heshima. Twasema sehemu ya mchango ule ule ije mapema, mgonjwa akiwa anaona.

La tatu, tawi lipeleke neno makao makuu ya chama, kwamba katika mapatano yajayo na mwajiri iombwe likizo ya kuuguza, hata kama ni siku chache kwa mwaka. Hatutakuwa tunaomba jambo la ajabu. Mwezi Juni 2024, huko Geneva, serikali, waajiri na wafanya kazi katika Shirika la Kazi Duniani walipitisha pamoja azimio juu ya kazi ya utunzaji, na Umoja wa Mataifa umeiwekea kazi hiyo siku yake, tarehe 29 Oktoba.

Twatoa na onyo, kwa kuwa vikundi vingi vimekufa mbele ya macho yetu. Fedha za kikundi zisomwe hadharani kila mwezi, na mtunza hazina asiwe jamaa ya katibu. Mwanasiasa akija na fulana na picha, apokewe kwa adabu, aonyeshwe daftari, na aulizwe atafanya nini juu ya zile nyumba 43. Kikundi kisiwe chake. Wala mtu asijiunge akidhani atapata pesa mwezi ujao. Wale wa Uingereza walingoja miaka kumi na moja tangu kuanza chama mpaka posho ya kwanza.

Ndugu zetu, tumekwisha. Mke wa mwenzetu tuliyemsema mwanzo ni mwanachama wa kikundi, ingawa mzee wake amekwisha kuzikwa. Tulimwuliza mbona anakuja, naye mzigo wake umeshuka. Alisema kwamba anajua nyumba tatu kwenye barabara ya kwake ambamo mtu hajalala. Jumapili ijayo baada ya ibada atakuwapo, na daftari litakuwa mezani. Njooni mwandike majina yenu wagonjwa wetu wangali hai.